Barua ni Nusu ya Kuonana: Hojaji za Posta na Ufuatiliaji Wake katika Historia ya Burundi na Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya hojaji zilizotumwa kwa barua katika eneo la Maziwa Makuu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mkesha wa uhuru wa Burundi. Hoja yake kuu ni kwamba wingi na ubora wa majibu ulitegemea zaidi kile kilichofanyika baada ya hojaji kutumwa kuliko maswali yenyewe: barua ya pili, shukrani, kurejeshewa matokeo na, hatimaye, ziara kwa yule aliyekaa kimya. Aidha, makala yanaonesha kwamba ufuatiliaji unaoishia ofisini huweza kuongeza idadi ya majibu pasipo kumfikia mwenye maarifa. Mwisho, yanatoa mapendekezo kwa watafiti wa Kiswahili wanaotuma hojaji zao leo kutoka Gitega kwenda Muyinga na kwingineko.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumfariji aliye mbali, kwamba maandishi nayo yana sehemu ya uso wa mtu. Lakini ndani yake mna onyo ambalo mtafiti hana budi kulizingatia: ikiwa barua ni nusu, basi ipo nusu nyingine ambayo barua peke yake haiwezi kuitimiza. Makala haya yanahusu nusu hiyo ya pili.

Kwa hojaji ya posta tunamaanisha orodha ya maswali inayotumwa kwa maandishi kwa mtu asiyekuwa mbele ya muulizaji, ili aijibu na kuirudisha. Kwa ufuatiliaji tunamaanisha mawasiliano yote yanayofuata baada ya kutuma: ukumbusho, nakala ya pili ya maswali, maswali ya ziada, shukrani na ziara. Vitabu vya mbinu za utafiti hulieleza jambo hili kama suala la kitakwimu. Sisi tunaliangalia kama suala la kihistoria, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa leo maarifa ya kimaandishi kuhusu jamii za Maziwa Makuu ilikusanywa kwa maswali yaliyoandikwa mbali, yakasafiri kwa meli na kwa miguu ya matarishi, yakajibiwa na wachache. Anayesoma maandiko hayo bila kuuliza nani hakujibu, na kwa nini, husoma nusu ya historia akidhani ameisoma yote.

2.0 Hojaji isiyokuwa na barua ya pili

Albert Hermann Post, hakimu wa mji wa Bremen aliyefariki mwaka 1895, alikuwa miongoni mwa wataalamu wa Kijerumani walioamini kwamba sheria za mataifa yote zingeweza kulinganishwa endapo maswali yaleyale yangeulizwa kila mahali. Hojaji iliyotokana na juhudi hizo ilisambazwa na chama cha kimataifa cha sheria linganishi kilichokuwa na makao yake Berlin. Majibu yaliyopatikana yalihaririwa na Mholanzi S. R. Steinmetz na kuchapishwa katika kitabu kimoja mwaka 1903. Miongoni mwa majibu yaliyotoka upande wetu wa Afrika ni yale yanayohusu Washambaa, Wagogo, Wapokomo na watu wa Msalala, kusini mwa Ziwa Viktoria.

Mtu akiziweka jamii hizo kwenye ramani ataona jambo lililo wazi. Ramani ya majibu si ramani ya jamii za Afrika Mashariki wala ya mifumo yao ya sheria. Ni ramani ya mahali alipokuwapo Mzungu mwenye kalamu, muda na utashi wa kujibu. Jamii iliyokuwa jirani ya mjibuji iliingia katika sayansi ya Ulaya. Jamii iliyokuwa siku tatu za safari kutoka kwake ilibaki nje. Kutokuwamo huko hakukuhesabiwa, kwa kuwa hapakuwa na orodha ya waliotumiwa hojaji wasijibu ambayo msomaji angeweza kuilinganisha na orodha ya waliojibu.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1907 Bunge la Ujerumani lilitaka sheria za wenyeji wa makoloni zikusanywe. Josef Kohler, profesa wa sheria wa Berlin, alihusika katika kuandaa hojaji iliyopelekwa makoloni, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani ambayo Urundi ilikuwa sehemu yake. Matokeo yalichapishwa katika juzuu mbili chini ya uhariri wa Erich Schultz-Ewerth na Leonhard Adam. Juzuu ya Afrika Mashariki, iliyoandaliwa na Bernhard Ankermann, ilitoka mwaka 1929.

Kati ya swali na kitabu ilipita miaka ishirini na zaidi, na katika miaka hiyo dunia iligeuka. Makao ya utawala wa Kijerumani katika Urundi yalihamishiwa Gitega mwaka 1912. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo barua ya kwenda bara ya mbali ililazimika, kuanzia reli ilipokomea, kupita mikononi mwa watu waliotembea kwa miguu. Njia ilipokuwa imeanza kufupika vita vilizuka. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Urundi, na baada ya vita Ujerumani ikanyang'anywa makoloni yake yote. Mhariri aliyekutana na jibu lenye utata katika miaka ya 1920 hakuwa tena na afisa kituoni wa kumwandikia. Alilazimika kulichapa jibu kama lilivyo au kuliacha. Hojaji ilibaki nusu kwa maana kamili ya methali.

3.0 Barua isiyokoma: Cambridge na Mengo

Mfano wa kinyume chake unapatikana Uganda. Mwaka 1887 James George Frazer, mwanazuoni wa Cambridge ambaye hakuwahi kufanya utafiti barani Afrika, alichapa kijitabu cha maswali kuhusu mila, dini na desturi, akakisambaza kwa wamisionari na maafisa katika nchi za mbali. Alikitoa tena kwa kukipanua mwaka 1907. Kwa umbo, kijitabu hicho hakikutofautiana sana na hojaji za Wajerumani. Tofauti ilikuwa katika yaliyofuata.

Miongoni mwa waliojibu alikuwamo John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana nchini Buganda. Frazer hakulichukua jibu lake la kwanza na kulifungia kabatini. Aliandika tena, akauliza kilichokuwa hakijaeleweka, na akasaidia kazi ya Roscoe ichapishwe. Maelezo ya Roscoe kuhusu Baganda yalianza kutoka katika jarida la wanaanthropolojia la London mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1911 kilitoka kitabu chake kikubwa, The Baganda. Uhusiano haukuishia hapo. Mwaka 1919 na 1920 Roscoe alirudi Uganda kwa safari ya utafiti iliyogharimiwa na Peter Mackie na kuungwa mkono na Frazer, na vitabu vitatu zaidi vikatokana nayo. Karatasi moja ya maswali ilizaa mawasiliano ya zaidi ya miongo miwili.

Hata hivyo, tukiishia kwa Frazer na Roscoe tutakuwa tumeacha kiungo muhimu zaidi. Roscoe naye alikuwa mwulizaji. Majibu yalitoka kwa wazee wa Buganda, na aliyewezesha wazee hao kufika na kusema alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Kagwa mwenyewe alikuwa mwandishi: kitabu chake kuhusu wafalme wa Buganda kilitoka mwaka 1901, na kile cha mila za Baganda kikatoka mwaka 1905, vyote kwa Kiganda. Ufuatiliaji wa Frazer ulifaulu kwa sababu mwishoni mwa mnyororo wa barua palikuwa na mtu mwenye maarifa, mwenye mamlaka ya kuyakusanya, na mwenye sababu zake mwenyewe za kutaka yaandikwe. Barua ya pili kutoka Cambridge ilipofika Mengo iligonga mlango ambao ndani yake palikuwa na mwenye nyumba.

4.0 Jibu linalorudi kwa mjibuji: Muyaga na Mugera

Ndani ya Urundi yenyewe ulikuwapo mfumo mwingine wa maswali na majibu ambao wanahistoria wa mbinu hawautaji mara nyingi. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifungua kituo cha Muyaga, mashariki mwa nchi, mwaka 1898, na cha Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Kanuni ya shirika ilikitaka kila kituo kiandike shajara ya matukio na kupeleka habari zake makao makuu ya Maison-Carrée, nchini Aljeria. Tangu mwaka 1879 habari hizo zilichapishwa katika jarida la kila robo mwaka lililosambazwa kwa wanashirika.

Tukiutazama mfumo huu kwa jicho la mtafiti wa hojaji, tunaona mambo matatu yaliyokosekana katika hojaji za Berlin. Kwanza, ombi la habari halikuja mara moja kwa mshangao. Lilikuwa na majira yake, na padri alijua lini linatarajiwa. Pili, ukimya ulionekana: kituo kisichopeleka habari kilijulikana kwa jina. Tatu, na hili ndilo la msingi, jibu lilimrudia mjibuji likiwa limechapwa, pamoja na majibu ya wenzake wa Tabora, wa Uganda na wa kwingineko. Aliyekuwa Muyaga aliona kwamba alichoandika kilisomwa. Shajara hizo zimekuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya historia ya miaka ya mwanzo ya ukoloni katika Urundi.

Lakini hapa pia swali la nani alijibu linabaki. Padri aliandika aliyoyaona akiwa kituoni na aliyoyasikia kwa Wakristo wa mwanzo, watumishi na majirani. Mrundi aliyemweleza hakupata nakala ya jarida. Nusu ya pili ya barua ilikamilika kati ya padri na wakubwa wake; haikukamilika kati ya padri na mlima.

5.0 Ufuatiliaji kama amri: hojaji ya mwaka 1929

Utawala wa Ubelgiji ulileta aina nyingine ya ufuatiliaji, yaani amri. Mwaka 1929 Gavana wa Ruanda-Urundi alipeleka hojaji kwa wasimamizi wa maeneo, na majibu ya baadhi yao kwa upande wa Ruanda yamehifadhiwa katika nyaraka zilizokusanywa na Jean-Marie Derscheid, Mbelgiji aliyeuawa na Wanazi mwaka 1944. Msimamizi wa eneo hakuwa na hiari aliyokuwa nayo mmisionari wa Frazer. Swali lililotoka kwa gavana lilikuwa sehemu ya kazi, na ukimya ungekuwa uzembe.

Kwa kipimo cha idadi tu, hii ndiyo njia bora kuliko zote: mwajiri anapomwuliza mwajiriwa, majibu hurudi. Tatizo liko kwenye ubora, na hasa katika Urundi. Jan Vansina, aliyefanya utafiti nchini humo katika miaka ya mwisho ya 1950, alionesha kwamba mapokeo simulizi ya Burundi yalitofautiana na ya Rwanda. Rwanda ilikuwa na mapokeo rasmi yaliyotunzwa na wataalamu wa ikulu. Burundi haikuwa na hazina kuu ya namna hiyo. Masimulizi yalikuwa mafupi, ya mahali, yaliyotawanyika milimani kwa wazee wa koo na bashingantahe. Barua iliyofika kwenye dawati moja haikuweza kuyapata maarifa ambayo kwa asili yake hayakukaa mahali pamoja.

Katika miaka hiyohiyo Ubelgiji ilikuwa ikipanga upya uchifu. Idadi ya machifu wa Urundi ilipunguzwa kutoka 133 mwaka 1929 hadi 46 mwaka 1933, na kufikia mwaka 1945 hapakuwa na chifu Mhutu hata mmoja. Hatudai kwamba hojaji moja ilisababisha mageuzi hayo. Tunachosema ni kwamba yalifanywa na utawala uliozoea kupata habari zake kutoka kwa wachache waliokuwa karibu na ofisi, ukayachukua majibu yao kuwa ndiyo nchi. Watu ambao hawakuulizwa walikuja kusema kwa njia nyingine: mwaka 1934 yalizuka kaskazini mwa Urundi maasi yaliyoongozwa na mwanamke aitwaye Inamujandi. Mtawala ambaye hahesabu ukimya huushangaa unapovunjika.

6.0 Nusu ya pili: kumwendea asiyejibu

Wakati huohuo somo kama hilo lilikuwa likifundishwa kwingineko kwa takwimu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zaidi ya milioni 10 kwa posta. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, nalo likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Orodha ya majina ilikuwa na kasoro, na waliorudisha kadi hawakufanana na wasiozirudisha. Mamilioni ya majibu hayakuweza kufidia tofauti hiyo.

Mwaka 1946 wanatakwimu Morris Hansen na William Hurwitz walipendekeza utaratibu rahisi. Tuma hojaji kwa posta, kwa kuwa ni nafuu. Kisha chagua sampuli miongoni mwa wale tu wasiojibu, uwaendee ana kwa ana, na utumie majibu yao kuwakilisha wengine wote waliokaa kimya. Kwa lugha ya methali yetu, barua itimize nusu yake, na kuonana kutimize iliyobaki.

Kazi ya Vansina katika Burundi kati ya 1957 na 1960 haikuwa ya hojaji ya posta, lakini inaweza kusomwa kama ziara iliyochelewa kwa wale ambao barua za nusu karne hazikuwafikia. Masimulizi yalitafutwa kwa wasimulizi wengi, mahali pengi, na matokeo yake yakatoka katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mapokeo simulizi ya Burundi.

Utafiti wa baadaye umeupima ufuatiliaji wenyewe. Mapitio yaliyochapishwa na Edwards na wenzake mwaka 2002 katika jarida la kitabibu la Uingereza yalijumuisha majaribio 292 kuhusu hojaji za posta. Uwiano wa kujibu dhidi ya kutojibu uliongezeka takriban mara 1.54 pale watafitiwa walipotaarifiwa kabla, mara 1.44 walipofuatiliwa baadaye, na mara 1.41 wasiojibu walipopelekewa nakala ya pili ya hojaji. Hojaji fupi iliongeza uwiano huo mara 1.86. Frazer hakuwa na takwimu hizi, lakini alifanya sehemu kubwa ya yale zinayoyaelekeza.

7.0 Mafunzo kwa mtafiti wa leo

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, maswali kuhusu hali ya Kiswahili nchini yameongezeka, na mengi huulizwa kwa hojaji. Mtafiti aliye Gitega anayetaka kujua jinsi walimu wa Muyinga wanavyofundisha Kiswahili hupeleka karatasi kwa basi, kwa mkono wa mwalimu mwenzake au kwa simu. Chombo kimebadilika, hatari ni ileile. Historia tuliyoieleza inatupa mapendekezo matano.

Kwanza, barua itanguliwe na taarifa. Hojaji isiyotarajiwa ni mgeni asiyebisha hodi.

Pili, orodha ya waliotumiwa itunzwe kwa ukamilifu, na katika ripoti idadi ya wasiojibu ielezwe pamoja na mahali walipo. Ikiwa shule za mjini zimejibu na za karibu na mpaka wa Kobero zimekaa kimya, hilo lenyewe ni tokeo la utafiti, hasa kwa kuwa mpakani ndiko tungetarajia Kiswahili cha Tanzania kusikika zaidi.

Tatu, ukumbusho utumwe pamoja na nakala mpya ya maswali, kwa heshima na pasipo lawama. Mwalimu aliyepoteza karatasi mara nyingi huona haya kuomba nyingine.

Nne, sehemu ya wasiojibu ichaguliwe kwa kura na itembelewe. Ziara kwa watu 10 waliokaa kimya yaweza kumfundisha mtafiti mambo ambayo majibu 100 ya wepesi wa kujibu hayakuyagusa.

Tano, matokeo yawarudie waliojibu, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Hapa ndipo mtafiti anapopaswa kuwazidi mapadri wa Muyaga: jarida lifike mpaka mlimani.

Zaidi ya hayo, ufuatiliaji usigeuzwe kuwa amri. Barua ya ukumbusho ikipitia kwa mkurugenzi wa shule au mkuu wa eneo, karatasi zitarudi zote, lakini zitarudi zikiwa zimejazwa kwa ajili ya mkuu. Mwaka 1929 unatosha kutukumbusha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia hojaji za posta kutoka Berlin, Cambridge na Usumbura, na kuonesha kwamba kilichozitofautisha ni mawasiliano yaliyozifuata. Palipokosekana barua ya pili, majibu yalibaki machache na yenye utata. Palipokuwapo uhusiano wa kudumu na mwenye maarifa, hojaji ilizaa vitabu. Palipokuwapo amri, ofisi zilijibu na milima ikanyamaza. Kwa hiyo kiwango cha majibu ni kipimo cha uhusiano kabla ya kuwa kipimo cha takwimu: huonesha ni nani aliyeamini kwamba kuna mtu anayesubiri jibu lake. Mtafiti aliyetuma hojaji mia kwenda Muyinga na kurudishiwa arobaini ana kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuzisoma hizo arobaini. Ya pili, ambayo historia yetu imeichelewesha mno, ni kupanda basi na kwenda kubisha hodi kwa waliobaki.